Michael Faraday: Mwana wa Mhunzi Aliyefundisha kwa Kuonyesha

Katika makala haya tunakusudia kuwasimulia wanachuo maisha ya Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1867. Jina lake si geni kwa mtu aliyesoma sayansi katika shule ya sekondari, lakini hatuliandiki hapa ili kuongeza jina jingine katika orodha ya majina ya kukaririwa. Tumesukumwa na swali la mtoto mmoja.

Tulikuwa Msangano, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, kwenye bonde lililoko kati ya nyanda za juu za Ufipa na zile za Mbozi. Tulikwenda kuwatazama wanachuo wakifanya mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao alikuwa amelipeleka darasa lake la sita kwenye kibanda cha pampu ya maji, na huko wakamkuta fundi akifunga kikasha kidogo chenye tundu katikati. Waya mmoja wa mota ulipita ndani ya tundu hilo bila kukatwa wala kuvuliwa gamba lake. Fundi aliwaeleza watoto kwamba kikasha kile ni swichi inayohisi mkondo wa umeme. Maji yakipungua kisimani na pampu ikawa inazunguka bure, swichi hung'amua jambo hilo, na mota huzimwa kabla haijaungua.

Msichana mmoja akauliza kikasha kinajuaje hali ya umeme ulio ndani ya waya ilhali hakiugusi. Mwanachuo akamjibu kwamba jambo hilo halimo katika mtihani, kisha akaendelea na somo lake. Sisi tuliokwenda kumpima tulitazamana tu. Kwa miaka mingi nasi tumefundisha umeme kwa kuandika fasili ubaoni na kuwataka watoto wainakili. Tungeulizwa sisi, huenda tungejibu vivyo hivyo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Jibu la swali la msichana yule lilipatikana tarehe 29 Agosti, 1831, na aliyelipata alikuwa mtoto wa maskini ambaye shuleni hakufundishwa zaidi ya kusoma, kuandika na kuhesabu.

UTOTO NA UANAGENZI

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, huko Newington Butts, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na mara nyingi hakuweza kufanya kazi. Nyumba yao haikuwa na ziada ya kitu chochote. Mwaka 1804, akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, Michael aliajiriwa na George Riebau, muuzaji na mjalidi wa vitabu, awe akipeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata alianza uanagenzi wa kujalidi vitabu, ambao uliendelea kwa miaka saba.

Vitabu alivyopewa kuvijalidi ndivyo vilivyokuwa shule yake. Alisoma makala juu ya umeme katika Encyclopaedia Britannica, na alisoma kitabu cha kemia kilichoandikwa na bibi mmoja, Jane Marcet, kwa mtindo wa mazungumzo baina ya mwalimu na wanafunzi wake wawili wa kike. Faraday hakuridhika kusoma tu. Kila jambo aliloweza kulijaribu kwa fedha yake ndogo alilijaribu. Mwaka 1812 alitengeneza betri kwa sarafu za nusu peni, vipande vya zinki na karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi. Tunawaomba wanachuo wakumbuke sarafu hizo kila wanapotaka kusema kwamba shule yao haina vifaa.

Jioni alihudhuria mihadhara ya sayansi iliyotolewa na John Tatum kwa kiingilio cha shilingi moja. Ndugu yake mkubwa, Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemsaidia kulipa. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpatia tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika Taasisi ya Kifalme ya London. Faraday aliandika mihadhara minne aliyoisikia, akaichora michoro yake, akaijalidi kwa mkono wake, kisha akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Hakupewa nafasi mara moja. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1813 msaidizi mmoja wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, na tarehe 1 Machi Faraday aliajiriwa mahali pake.

Kazi ilikuwa ya unyonge. Aliosha vyombo, alitayarisha dawa na kuwapangia wahadhiri vifaa vyao. Hata hivyo, kukaa nyuma ya meza ya mhadhiri kulimpa nafasi ya kuwatazama walimu wakifundisha. Mwaka huo huo alimwandikia rafiki yake Benjamin Abbott barua kadhaa zilizoeleza jinsi ya kufundisha mbele ya watu. Alijadili hewa na mwanga wa chumba, mahali pa kuviweka vifaa ili kila msikilizaji avione, na mwenendo wa msemaji. Alipinga mhadhara unaozidi saa moja, kwa kuwa akili ya msikilizaji huchoka. Hakuwa bado amewahi kusimama darasani, lakini alikwisha kuanza kuwachunguza walimu kwa makini, kama alivyochunguza dawa katika chupa.

PETE YA CHUMA

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Copenhagen, nchini Denmaki, alitangaza kwamba sindano ya dira huyumba iwekwapo karibu na waya unaopita mkondo wa umeme. Kwa habari hiyo watu walitambua kwamba umeme huzaa usumaku. Septemba mwaka 1821 Faraday alifaulu kuufanya waya wenye mkondo uizunguke sumaku mfululizo, na huo ukawa mwanzo wa mota ya umeme. Alifanya haraka kuchapisha habari hiyo bila kumtaja William Wollaston, ambaye alikwisha kuwa na mawazo yanayokaribiana na hayo, naye Faraday akalaumiwa sana. Hatulifichi jambo hilo. Lilimwumiza, na tangu hapo akawa mwangalifu mno katika kuandika tarehe na hatua za kila jaribio.

Ikiwa umeme huzaa usumaku, je, usumaku hauwezi kuzaa umeme? Faraday alilishughulikia swali hili mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na mara zote sindano yake haikutikisika. Yeye, kama wenzake wengi, alitazamia kwamba mkondo unaotiririka kwa utulivu katika waya mmoja utaleta mkondo wa namna hiyo katika waya wa jirani.

Tarehe 29 Agosti, 1831, alichukua pete ya chuma laini yenye kipenyo cha inchi sita. Upande mmoja alizungusha waya wa shaba, na upande wa pili akazungusha waya mwingine. Alitenganisha mizunguko kwa nyuzi na vitambaa, ili waya usigusane na chuma wala waya wa upande wa pili. Koili ya kwanza aliiandaa kwa betri. Ya pili aliiunga na waya uliopita juu ya sindano ya sumaku, mbali kidogo na pete. Alipounga betri, sindano iliruka, ikatikisika, kisha ikarudi mahali pake na kutulia, ingawa mkondo wa betri ulikuwa bado unapita. Alipoikata betri, sindano iliruka tena, safari hii kwa upande wa kinyume.

Mtu asiye na subira angeliona tukio lile la nukta moja kuwa kasoro ya kifaa. Faraday aliliona kuwa ndilo jibu lenyewe: mkondo uliotulia hauzai kitu katika waya wa pili, mkondo unaobadilika ndio unaozaa. Tarehe 17 Oktoba alichomeka sumaku ndani ya koili na kuichomoa, na sindano ikayumba kila sumaku ilipokuwa katika mwendo. Siku chache baadaye alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa na kupata mkondo usiokatika. Mitambo mikubwa inayozalisha umeme kwa nguvu za maji ya mito yetu hufuata kanuni hiyo. Ni haki kusema pia kwamba Joseph Henry wa Marekani alikuwa amegundua jambo hilo hilo peke yake karibu na wakati huo, lakini Faraday alitangulia kulitangaza.

PETE ILIYOMO NDANI YA KIKASHA

Sasa turudi kwenye kibanda cha pampu. Kikasha alichokifunga fundi kina pete ndani yake, na tundu ni katikati ya pete hiyo. Waya wa mota upitao katika tundu ni badala ya koili ya kwanza ya Faraday. Koili ya pili, yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba, imefichwa ndani. Umeme wa gridi hapa Tanzania ni mkondo geu: huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kwa hiyo hauhitaji mtu wa kuunga na kukata betri. Hubadilika wenyewe wakati wote, na koili ya ndani huzaa mkondo mdogo wakati wote, unaokua ule mkubwa unapokua na kupungua ule mkubwa unapopungua.

Tunaeleza hatua za kufunga na kurekebisha swichi hiyo ili mwanachuo aelewe anachokitazama. Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye ujuzi, na mwalimu asiijaribu.

Kwanza, swichi kuu huzimwa na kufungwa ili mtu mwingine asiiwashe, na fundi huhakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme.

Pili, waya mmoja tu wa mota hupitishwa katika tundu. Waya wa kwenda na wa kurudi wakipitishwa pamoja, mikondo yao huwa sawa lakini ya kinyume, athari zake hufutana, na pete haihisi kitu.

Tatu, mkondo ukiwa mdogo kuliko kiwango cha chini cha kikasha, waya hupitishwa katika tundu mara kadhaa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Pampu hutumia ampea 6 inapovuta maji na ampea 4 inapozunguka kavu, na kikasha huanza kuhisi kwenye ampea 10. Waya ukipita mara 4, pete huhisi kama ampea 24 na ampea 16. Kiwango cha kuzima kinaweza kuwekwa kwenye 20. Hesabu hii ya kuzidisha yafaa kabisa kwa darasa la juu la shule ya msingi.

Nne, nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kikasha hazibebi mkondo wa mota. Hupeleka amri tu kwa kontakta, ambayo ndiyo inayoiwasha na kuizima mota. Na kwa kuwa mota haina mkondo wowote kabla ya kuanza, mtambo hupewa sekunde chache za kusubiri, la sivyo swichi ingeizuia pampu isianze kabisa.

Tano ni kurekebisha. Pampu huendeshwa ikiwa na kazi yake ya kawaida, na skrubu ndogo ya kikasha huzungushwa polepole kwa bisibisi mpaka taa ya kiashirio ibadilike. Hapo kiwango kimelingana na mkondo wa kazi. Kisha skrubu hurudishwa nyuma kidogo, ili badiliko dogo la volti lisiizime pampu bure. Ikirudishwa mno, kiwango huwa chini ya mkondo wa pampu kavu, na swichi haitang'amua lolote. Ni kosa kudhani kwamba mota isiyo na kazi haitumii umeme. Huutumia, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

MWALIMU WA WATOTO

Umaarufu wa Faraday ungeweza kuishia maabarani, lakini yeye alipenda kufundisha. Kati ya mwaka 1827 na majira ya baridi ya 1860 na 1861 alitoa mfululizo kumi na tisa wa mihadhara ya Krismasi kwa vijana katika Taasisi ya Kifalme. Mashuhuri kuliko yote ilihusu mshumaa. Kwa mshumaa mmoja uliowashwa aliwaongoza watoto kuuliza kwa nini mafuta hupanda utambini, moshi ni kitu gani, maji yanayoonekana juu ya kioo baridi yametoka wapi, na hewa tunayoipumua inafananaje na ile inayotoka katika mwali. Mihadhara hiyo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1861.

Ufundi huo hakuzaliwa nao. Alijifunza kusema mbele ya watu kwa mwalimu wa usemaji, na baadaye msaidizi wake alikuwa akimwekea kadi ya kumkumbusha apunguze mwendo alipokuwa akisema upesi mno. Kabla ya kila mhadhara alikwisha kulifanya kila jaribio mwenyewe. Hesabu za juu hakuzijua. Alieleza nguvu za sumaku kwa mistari iliyojipanga katika unga wa chuma juu ya karatasi, na baadaye James Clerk Maxwell ndiye aliyeyageuza mawazo hayo kuwa milinganyo ya hisabati.

Mwaka 1853 London ilipovumisha kwamba meza husogezwa na nguvu zisizoonekana, Faraday hakuwadhihaki walioamini. Alitengeneza kifaa chepesi kilichoonyesha kwamba mikono ya wakaao mezani ndiyo iliyoisukuma, bila wao wenyewe kujua. Mwaka uliofuata alitoa mhadhara juu ya haja ya kuizoeza akili kupima mambo, na mwaka 1862 alitoa ushahidi mbele ya tume ya serikali iliyochunguza shule, akitetea kwamba sayansi ifundishwe kwa vijana.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kusahausahau. Tangu karibu na mwaka 1840 afya na kumbukumbu vilimsumbua. Alikataa kupewa cheo cha heshima cha ufalme, na mara mbili alikataa kuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867, katika nyumba ya Hampton Court aliyopewa kwa hisani ya Malkia Victoria, akazikwa katika makaburi ya Highgate. Kipimo cha umeme kiitwacho faradi kimepewa jina lake.

TULIPORUDI DARASANI

Jioni ile ile tulikaa na mwanachuo wetu. Hatukumkaripia, kwani kosa lilikuwa letu sote. Tulitafuta spika ya redio iliyokufa tukapata sumaku, na katika transfoma iliyoungua tukapata waya wa shaba wenye vanishi. Tulizungusha koili ya mizunguko mia mbili hivi, tukakwangua ncha za waya kwa wembe, na kuziunga na koili nyingine ndogo iliyozungushwa kuikumbatia dira. Dira tuliiweka umbali wa zaidi ya mita moja kutoka kwenye sumaku, ili isivutwe moja kwa moja. Umeme wa ukutani haukuhusika kabisa, wala usihusishwe kamwe katika majaribio ya watoto.

Asubuhi mwanachuo hakuandika fasili yoyote. Aliwataka watoto wasogee, watazame, kisha waseme walichokiona. Sumaku ilipopelekwa kwenye koili, sindano ya dira iliyumba kidogo, lakini wote waliiona. Iliposimama, sindano ilitulia. Watoto waliomba irudiwe. Hatimaye msichana yule wa jana alisema kwamba sumaku ikikaa kimya, waya nao hukaa kimya. Kwa hiyo ule umeme wa pampu hauna budi kuwa unacheza wakati wote. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Ndipo akauliza jambo jingine. Nyumbani kwao kuna taa za umeme wa jua, ambao, kama alivyosikia kwa kaka yake, huenda upande mmoja tu. Je, kikasha kile kingeuhisi? Mwanachuo alinyamaza kidogo, akakiri mbele ya darasa zima kwamba hajui, akaliandika swali katika pembe ya ubao, na kuahidi kulitafutia jibu. Tulilipata siku ya tatu. Pete ya Faraday haiuhisi mkondo uliotulia wa namna hiyo. Kwa kazi hiyo hutumika kifaa kingine, chenye asili katika ugunduzi wa Edwin Hall wa Marekani wa mwaka 1879. Katika kitabu cha maksi tulimpa mwanachuo wetu alama ya juu kwa somo la siku ile aliyokiri kwamba hajui.

MAZOEZI KWA WANACHUO

1. Tengeneza koili na dira kama tulivyoeleza. Fanya jaribio mara tano ukiwa peke yako kabla hujalipeleka darasani, na uandike tarehe na matokeo ya kila mara.

2. Andaa somo la dakika arobaini linaloanza na kitu kimoja cha nyumbani, kama Faraday alivyoanza na mshumaa. Andika maswali utakayouliza, si majibu utakayotoa.

3. Kumbuka swali la mwanafunzi ulilowahi kulikwepa. Litafutie jibu, kisha urudi kwake ukamjibu.